Kijiti cha Kilele

Mwezi wa tatu ukifika, kijiji chetu cha Majanji kizima hupanda juu ya paa. Wenye mabati hugongomea misumari na kuziba matundu kwa lami. Wenye kuta za udongo huchanganya udongo na samadi ya ng'ombe na kusiriba upya. Sisi wenye nyasi hutazama mawingu yanavyokusanyika juu ya ziwa na kuhesabu siku.

Mwaka huu nilibakiwa na siku tatu. Ijumaa Kuu wageni wanane walikuwa wanatoka Kampala kuja kulala katika nyumba yangu ya mviringo, na paa lake lilikuwa limeoza kileleni.

Mimi na mke wangu Benedeta tunaishi katika nyumba ya matofali iliyo nyuma yake. Ile ya mviringo niliijenga nilipooa, miaka arobaini na sita iliyopita, na sasa ndiyo inayotulisha. Wageni hawaji ziwani kulala chini ya mabati. Mabati wanayo kwao. Binti yetu Nerima ndiye anayewapokea. Jumanne ile alikwenda Busia kununua magodoro mapya, na kabla ya kuondoka aliniambia, "Baba, paa likivuja tena juu ya mgeni, hawa wataandika kwenye mtandao na hakuna atakayekuja. Itabidi tufunge."

Hilo neno "tena" lilinihusu mimi.

Paa lile huezekwa na shemeji yangu Ochwo, mtu wa kabila la Wajapadhola kutoka kijiji cha Molo, aliyemwoa dada yangu. Hakuna mtu kati ya Tororo na ziwa anayefunga nyasi kama yeye. Lakini miaka miwili iliyopita, akiwa juu ya paa na watu wamejaa uani, nilimwambia kwamba mteremko wake si sahihi. Mimi nilisoma hesabu katika madarasa ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minne, baada ya kushinda kutwa nikipakua magunia mpakani, na nilikuwa nimepima pembe ya paa kwa karatasi na rula. Ochwo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashuka, akafuta sindano yake ya kuezekea, akaniambia, "Basi liezeke kwa rula," akaenda zake. Nikamalizia mwenyewe. Mvua ya kwanza ilimlowesha mwalimu mmoja kutoka Jinja akiwa kitandani. Tangu siku hiyo mimi na Ochwo hatukusalimiana.

"Mpigie simu shemeji yako," Benedeta aliniambia asubuhi ile.

"Nina mikono miwili."

"Unayo, ndiyo. Na mgeni wa Jinja aliiona kazi ya mikono hiyo."

Alichukua beseni lake, akaenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, kununua kitoweo. Mimi nikasimamisha ngazi.

Pale juu kabisa, katikati ya kilele, palisimama kijiti kilichonyooka, urefu wa mkono. Ochwo ndiye aliyekisimamisha. Kila alipobadilisha nyasi alifunga kijiti kipya kando ya kile cha zamani, akahakikisha kimekaa, ndipo akaking'oa cha zamani. Siku zote niliona ni kupoteza muda. Nikakivuta, nikakilaza barazani, nikaanza kung'oa nyasi zilizooza. Ilipofika saa tatu hivi kilele kilikuwa uchi, fito zinaonekana, na ndipo nikagundua kwamba kamba hazitanitosha. Nikachukua panga, nikaenda bondeni kukata mafunjo ya kusokotea kamba. Simu niliiacha kwenye chaja.

Kukata mafunjo na kuyachuna si kazi ya dakika kumi, hasa kwa mtu wa miaka sabini na mmoja ambaye hataki kukiri kwamba mgongo unamuuma. Nilipoanza kurudi na mzigo kichwani jua lilikuwa limeshapita utosi. Nikiwa bado njiani nikasikia mayowe. Yalikuwa mayowe ya msiba, na yalitoka kwangu.

Asubuhi Benedeta alikuwa amelalamika kwamba kifua kinambana. Nilimwambia anywe chai.

Nikakimbia. Sikujua kwamba bado naweza kukimbia. Sikuwafikiria wageni wala Nerima na mtandao wake. Nilisema moyoni, Mungu, paa lote na lianguke, lakini huyu mwache.

Uani watu walikuwa wamejaa. Vijana walikuwa wanafunga turubai kwenye mti wa mparachichi. Jirani yetu Athieno, muuza samaki, alikuwa anagaagaa mchangani akilia. Na katikati ya wanawake, juu ya mkeka, alikuwa ameketi Benedeta, kitambaa kimemtoka kichwani, mzima.

"Benedeta!" nikaita.

Akainua uso. "Oguttu?"

Mayowe yakakatika. Athieno akaketi, mchanga umemjaa kwenye nywele.

"Mzee," akasema, "wewe si umekufa?"

"Nani amesema?"

Akanyoosha kidole kuelekea kilele cha paa, na hapo nikaelewa.

Huku kwetu kile kijiti ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba akifa, kijiti huondolewa. Anayepita barabarani akiona paa limekosa kijiti hahitaji kuuliza nani amefariki. Mwendesha bodaboda mmoja alipita, akaona, akapiga picha, akaiweka kwenye kundi la simu la kijiji. Nilijua desturi ile kama mtu yeyote wa hapa. Nilijua tu kwamba mimi si maiti, nikasahau kwamba wengine watasoma paa.

"Tumetafuta maiti mpaka chini ya vitanda vya wageni," Athieno akasema, sasa kwa hasira. "Nimeacha samaki wangu kwenye moto! Nimelia bure!"

"Si bure," mtu akamjibu. "Weka akiba."

Benedeta alinijia, akanishika masikio yote mawili kama anayekagua mbuzi sokoni. Kisha akanipiga kofi la bega. "Nilisema umeanguka. Nilisema huyu mzee na kiburi chake ameanguka, wamemficha wasinionyeshe." Akanishikilia shati na hakuliachia.

Hapo ikaingia gari ndogo ya kukodi, vumbi tupu. Ochwo akatoka kabla haijasimama vizuri. Alikuwa analia waziwazi, na mkononi ameshika sindano ya kuezekea. Aliyesimamisha kijiti ndiye huitwa kukishusha.

"Nani amekigusa?" akapaza sauti akitazama paa. "Nani amekishusha kabla mimi sijafika? Mkono wa nani?"

"Wangu, shemeji," nikasema.

Akanitazama. Akanitazama tena kuanzia miguuni, nilivyosimama na matope ya bondeni. Akaketi chini palepale karibu na gurudumu.

"Dada yako nimemwacha Molo anazimia," akasema. "Mbwa wewe. Miaka miwili sijakutukana vizuri, halafu unataka kufa?"

"Sijafa."

"Naona! Ungekufa ungekuwa na adabu."

Watu wakaanza kucheka, kwanza taratibu, kisha uani kote. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, na machozi yangu hayakuwa ya kicheko peke yake. Nikamwinua Ochwo. Nilikuwa na hotuba ya miaka miwili, yenye vifungu na hoja. Kilichotoka ni hiki: "Ule mteremko ulikuwa sahihi. Rula ndiyo niliishika vibaya."

"Sema tena, wamesikia watu wachache."

Nikasema tena, kwa sauti.

Ngurumo ikasikika kutoka ziwani. Ochwo akatazama wingu, akatazama fito zilizo uchi, akavua koti. "Nani ana mikono hapa? Mmeshakuja kuzika, basi fanyeni kazi."

Sijawahi kuona paa likiezekwa namna ile. Waliokuja kunililia walifunga matita ya nyasi mpya nilizokuwa nimeziandaa, wakarusha, wakapokea. Wanawake walichuna mafunjo yangu na kusokota kamba. Chakula ambacho majirani walileta kwa ajili ya matanga tulikila tukiwa kazini. Nerima alipiga simu kutoka Busia analia, nilipoipokea mwenyewe akauliza mara mbili kama ni mimi, kisha akasema, "Baba, nimekwisha kuwaambia wageni wasije." Nikamwambia awapigie tena, awaambie mwenye nyumba amepona.

Ilipokaribia saa kumi na moja Ochwo alisimama kileleni peke yake. Alikichukua kijiti kipya, akakinyoosha, akakifunga mara tatu. Alipokiachia, Benedeta alipiga kigelegele, na Athieno akamwitikia kwa nguvu zote alizobakiza.

Mvua ilitukuta ndani ya nyumba ya mviringo, watu wapatao ishirini, tumekaa juu ya vitanda visivyo na magodoro. Nikaenda kuleta sufuria kubwa, nikaiweka katikati ya sakafu, mahali alipolala yule mwalimu wa Jinja. Tukasikiliza. Mvua ilipiga nyasi kwa sauti nzito. Ndani ya sufuria hakikuanguka kitu.

"Shemeji," Ochwo akasema, "unanitukana na hiyo sufuria mpaka lini?"

Nikaiinua, nikaitoa nje, nikaiweka chini ya ukingo wa paa. Ikajaa mara moja.