Shemeji wa Ukurasa wa Mwisho

Kaka yake, fundi cherehani, aliuawa dukani kwake, na muuaji hajulikani hadi leo. Sasa mwandishi mmoja alikuwa amekitungia riwaya kifo kile, na dada mtu alialikwa kwenye uzinduzi, akakalishwa mbele kama bibi harusi.

Alikuwa ameisoma. Humo kaka alikuwa na sigara mdomoni tangu ukurasa wa kwanza, wakati maisha yake yote alibana pini za kushonea tu midomoni, hata salamu akiitikia kwa kuguna. Hilo dada alilimeza. Alichotaka ni kimoja: kesi ifunguliwe tena.

Basi mpelelezi wa kesi ile alipomjia pale ukumbini akitabasamu, kitabu kwapani, moyo ulimpiga paa.

"Pole na hongera, dada. Kesi imekwisha! Muuaji tumemjua."

"Nani, afande?"

"Shemeji! Ukurasa wa mwisho kabisa. Tunamtafuta usiku na mchana."

Dada alimtazama. "Afande, sisi tulizaliwa wawili tu. Kaka hakuoa, mimi sijaolewa. Huyo shemeji kaingia kwa mlango gani?"

Mpelelezi alikuna kichwa, kisha uso ukamng'aa. "Kumbe! Ndiyo maana hatumpati!"

Dada alicheka huku machozi yakimlenga. Mpelelezi akaona huruma, akamvuta mwandishi mkono. "Bwana mkubwa, tusaidie. Tuandikie kingine, na safari hii muuaji awe na anwani."

"Na kaka yangu," dada akasema akipangusa macho, "mrudishie pini zake."