Kitasa cha Nyumba ya Mwalimu

Mtaa mzima ulimwita Mama Kitasa, na jina lilimkaa vizuri. Nyumba ikiuzwa, jambo la kwanza kwa mnunuzi ni kubadilisha vitasa, kwa hiyo yeye, fundi wa vitasa, ndiye aliyetangulia kuingia. Akitoka tu, habari zilishamfikia fundi rangi, seremala na mshona mapazia kabla yeye hajarudi kibandani kwake. Nyumba moja ikipata mwenyewe mpya, mtaa ulikula wiki tatu. Hata mama wa chai alibadilisha sufuria akaweka kubwa.

Hizo zilikuwa enzi nyingine. Siku hizi walikuja wanunuzi wa mbali, wa kununua nyumba na kuiacha ikae mpaka bei ipande. Hawakutaka rangi wala mapazia. Walitaka kufuli moja kubwa la getini, basi, wakaenda zao. Nyumba tisa zilifungwa hivyo, na makufuli yote tisa aliyauza yeye, jambo lililomkera kuliko alivyopenda kukiri. Mshona mapazia alifunga duka. Seremala alibaki na benchi moja, nalo lilikaliwa na wapiga soga.

Basi Mwalimu mstaafu alipotangaza kwamba anauza nyumba ili akaishi na binti yake, Mama Kitasa alifanya jambo ambalo hakumwambia hata shoga yake. Alimfuata, akasema anaitaka yeye. Miaka ishirini na mbili alikuwa amewafungia wenzake vitasa milangoni huku akipanga chumba kimoja, na sasa chama chao cha akiba kilikubali kumkopesha. Mwalimu alimwambia ukweli: dalali amemletea mtu mwingine mwenye dau kubwa kidogo. Aliomba siku tatu afikirie.

Siku ya tatu Mwalimu alikuwa ameketi kibandani, gazeti mkononi, akingoja achongewe ufunguo wa sanduku lake la safari. Bwana mmoja nadhifu akaingia.

"Mama, habari za kazi? Nataka kufuli. Lile kubwa kabisa. Kuna nyumba nanunua hapo mbele, ya geti la kijani."

Tupa aliyokuwa akichongea ufunguo ikasimama. Geti la kijani lilikuwa moja tu, na mwenye geti alikuwa hapo hapo, nyuma ya gazeti.

"Na vitasa vya milango ya ndani?"

"Vya nini? Hakuna atakayekaa. Naifunga miaka mitano, sita hivi, halafu naiuza."

"Umeingia ndani ukaiona?"

"Dalali amenitumia picha."

Mama Kitasa aliiweka tupa chini. Angeweza kuuza kufuli lake la kumi na kunyamaza.

"Nisikufiche, kaka. Nyumba hiyo na mimi naitaka."

Yule bwana alimtazama kuanzia aproni yenye vumbi la chuma hadi kandambili, akacheka. "Wewe? Mama, wewe nipe kufuli tu."

"Kufuli sikuuzii. Duka si hili pekee, katafute kwingine."

Hakuwahi kumfukuza mteja maishani mwake. Shingo ilimsimama wima. Bwana aliondoka akisonya.

Mwalimu akakunja gazeti. "Sebule ile nimefundishia watoto wa mtaa huu hesabu bila kudai senti. Leo bwana yule aje aifunge ibaki ya panya?"

"Lakini dau lake linalipita langu, Mwalimu."

"Kutoa na kujumlisha najua, mwanangu. Kesho njoo na shahidi."

Wiki ya pili baada ya kusaini, geti la kijani lilikuwa wazi tangu asubuhi. Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi akilalamikia ukuta. Seremala alipima madirisha, akampigia simu kaka yake aje amsaidie. Mshona mapazia alitokea na utepe wa kupimia shingoni, akijifanya amepita tu, na mama wa chai alileta birika la pili. Mama Kitasa aliyasikia yote hayo kutoka mlangoni, patasi mkononi, na kifua kilimjaa fahari hata skrubu mbili zikamdondoka.

Kazi ilipoisha alifanya kama alivyofanya siku zote. Aliweka funguo zote kwenye bahasha bila kubakiza hata mmoja, akatoka nje, akaufunga mlango, akagonga.

"Hodi!"

Akangoja, bahasha mkononi, mgongo umenyooka.

"Mama Kitasa," fundi rangi aliuliza toka juu, "unamngoja nani?"

"Si namngoja mwenye nyumba achukue..."

Aliitazama bahasha, akautazama mlango. Chini ya ngazi walishaanza kuangua kicheko, na yeye machozi yakamtoka hadharani, wala hakuyafuta.

Akatoa ufunguo mmoja, akauzungusha.

"Karibu!" alijiitikia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Karibu ndani, mwenye nyumba yupo!"