Maji Kando ya Moyo

Kazini walimwita Msasa kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa fundi rangi, na hakuna ukuta uliopakwa na mwenzake uliowahi kumpendeza. Ukikosea alikuambia, ukipatia alinyamaza. Kwa miaka mingi aliumwa baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili, badala ya kumlinda mtu, inamgeukia yeye mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, lakini alijikaza kisabuni na mistari yake ilinyooka.

Mwaka huo alikuwa akipaka jengo la ofisi pamoja na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Msasa akaanza kuchoka. Uchovu wa kazi aliujua. Huu ulikuwa mwingine. Ulimkuta asubuhi kabla hajavaa viatu. Akipanda ngazi, alisimama katikati akajifanya anakagua kona ya dari.

"Shemeji, hiyo kona leo umeipenda," kijana wa watu alisema kutoka chini.

"Imepakwa na mvivu. Naionea huruma."

Daktari wake wa viungo, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alikuwa ameshamwandikia kipimo cha ultrasaundi ya moyo. Msasa alimshangaa.

"Daktari, mimi naumwa vidole."

"Ugonjwa wako haukai kwenye vidole tu. Unaweza kuingia kwenye moyo kimyakimya, kwenye utando wake au vali zake, wewe hujui lolote. Ndiyo maana nataka kuutazama mapema."

Alimwitikia vizuri, kisha akaenda zake kazini. Kupimwa kulikuwa kumemfika hapa. Damu, mkojo, picha za mikono. Kila kipimo kilimrudisha nyumbani na ugonjwa mwingine.

Aliyetoboa siri ni shemeji. Mchana mmoja alimkuta Msasa amesinzia akiwa ameketi, kainamia ndoo ya rangi.

"Si ulale chini? Maboksi haya hapa."

"Nikilala chali kifua kinachoma."

Jioni hiyohiyo dada mtu, mkewe Msasa, alijua. Alikuwa dobi kwenye nyumba ya wageni, akishinda na mashuka ya watu asiowajua. Hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua kilemba, akakishika mapajani.

"Mume wangu, nimechoka kubahatisha. Kesho huendi kazini, unakwenda kupimwa."

"Mwenye jengo atasema nini?"

"Mwenye jengo atatafuta fundi mwingine. Mimi nitamtafuta nani?"

Asubuhi Msasa alimfuata mkewe hospitali.

Chumba cha kipimo kilikuwa na mwanga hafifu. Mpimaji, dada mmoja aliyepiga mwayo akaomba radhi, alimlaza ubavu wa kushoto, akampaka jeli ya baridi kifuani na kukandamiza kifaa katikati ya mbavu. Kwenye skrini kikatokea kitu cha kijivu, kinafumba na kufumbua. Msasa alikitazama. Kumbe miaka yote hiyo, yeye akilala, chenyewe kiko kazini. Akakionea huruma kama mtu anayemwonea huruma mfanyakazi mwenzake.

"Na hicho cheusi pembeni ni nini?"

Mpimaji alisogeza kifaa, akapima, akarudia kupima.

"Daktari atakueleza, baba. Usivae shati kwanza."

Daktari wa viungo alikuja mwenyewe, akainama mbele ya skrini.

"Haya ni maji. Mfuko unaouzunguka moyo umevimba kwa sababu ya ugonjwa wako, ukajaa maji. Hayajafikia ya kuvuta kwa sindano, na moyo bado unasukuma vizuri. Vali nazo ni nzima. Nitakubadilishia dawa, na wiki ijayo tutatazama tena. Ila ukibanwa na pumzi, au ukihisi kuzimia, njoo hapohapo. Usisubiri siku yako."

"Na ngazi?"

"Ngazi isahau kwa sasa."

"Nilidhani ni uzee tu," alisema Msasa.

"Uzee ungekuja wenyewe," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Una haraka ya wapi?"

Wote walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Dawa zilimvimbisha uso na kumkimbizia usingizi. Alipimwa tena, na tena. Maumivu ya kifua yalimwachia polepole, bila kuaga. Aliporuhusiwa kurudi kazini ilikuwa kwa milango na kuta za chini, huku shemeji akihangaika na dari na yeye akimkosoa kutoka kwenye stuli. Ilipofika mchana alikuwa hoi.

Kipimo cha mwisho cha mwaka kilionyesha maji yamebaki kama uzi. Daktari aliridhika.

"Sasa tutautazama moyo wako kila mwaka."

"Hata nikijisikia simba?"

"Hasa ukijisikia simba."

Alitoka akiwa na hamu ya kumwambia mkewe. Alimkuta kwenye benchi la korido amelala fofofo, kichwa ukutani, mkoba mapajani. Alikuwa ametoka zamu ya alfajiri. Msasa akaketi kando yake, hakumgusa.

Mfagizi alifika na dekio lake.

"Mzee, nyanyua miguu. Na mama huyo naye."

"Mwache," Msasa alinong'ona. "Mimi nitamnyanyulia."

Akainama, akainyanyua miguu ya mkewe taratibu pamoja na viatu vyake, akaishikilia hewani mpaka dekio likapita. Mkewe alivuta pumzi ndefu, akaendelea kulala.