Mchanga Chini ya Sinema ya Abukar

"Mutomo nzima hakuna mwanamke anayejua kukaa peke yake kama mimi," Kalunde alipenda kujisifu. "Juzi tu nilikuwa nikiiambia cherehani yangu hivyo, na haikubisha."

Watu walicheka, naye akacheka kuwashinda, halafu akarudi kwake akafunga mlango, na kicheko kikabaki nje pamoja na kuku.

Kwake kulikuwa chumba kimoja, chini ya ghorofa la Abukar. Mumewe, Mwangangi, alikuwa amezikwa zamani. Binti yake Mutindi aliolewa kule Kasikeu akawa na shughuli za watoto, na kijana wake Ndolo alikuwa Mombasa bandarini, mahali ambapo inaonekana Krismasi haijafika, maana kila mwaka alikosa likizo. Kalunde alishona yunifomu za shule. Alikuwa na radio ya marehemu, lakini radio huongea na kila mtu. Ukitoka ukaiacha, inaendelea tu, wala haiulizi umekwenda wapi.

Abukar mwenye nyumba alikuwa mtu wa mifugo, wa kutoka kaskazini. Alinunua mbuzi Tseikuru na kwingineko, lori lake likawapeleka Nairobi. Upande wa barabara alikuwa na duka, na juu aliishi na mkewe Ubah na watoto wao, wa kwanza akiitwa Maano. Mwaka wa themanini na sita Ubah aliwachukua watoto akaenda Garissa kumuuguza mama yake. Mama alipona. Ubah hakurudi. Hakuna aliyemwuliza Abukar sababu, naye hakumwambia mtu. Alichofanya ni kwenda Nairobi na lori lake, akarudi na televisheni na mashine ya video, akavipandisha hadi chumba walichokuwa wakilala watoto. Vitanda akavitoa. Akaweka kiti kimoja.

Stima haikuwapo. Jioni lori likirudi, dereva alifungua betri zake akazipandisha ngazini akihema kama punda, na baada ya swala sinema ikaanza.

Sasa, sakafu ya Abukar ndiyo iliyokuwa dari ya Kalunde. Mbao tupu juu ya boriti, basi. Ukiinua macho uliona zile zile anazokanyaga yeye, na nyufa zake. Mtu akipigwa ngumi kule juu, vumbi lilianguka kwenye shati jeupe la mtoto wa darasa la pili. Farasi wakikimbia, sindano ya cherehani ilitetemeka. Wahindi wakianza kuimba ndiyo ilikuwa balaa, kwa sababu Wahindi hawaimbi wakamaliza.

Kalunde alichukua mpini wa ufagio akagonga dari. Koh, koh, koh. Sauti ikashuka. Baada ya muda, pole pole, kama mtoto anayerudi kuiba sukari, ikapanda tena. Akagonga. Ikashuka. Kuna jioni walizogongana hivyo hadi betri zikachoka, na Kalunde akalala amechoka vizuri, kama mtu aliyekuwa na wageni.

Lakini sokoni alilalamika, na baada ya ibada akalalamika zaidi. Akina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi, wakikaa kusuka viondo, yeye alianza: "Mwenzenu sikulala. Kuna mama huko juu amenyang'anywa mtoto, amelia, amelia! Halafu akaja mwanamume wa viatu vizito. Huyo nilimjua ni mbaya tangu mlangoni."

"Kwani unasikia Kihindi?" Mbinya akamwuliza. Mbinya alikuwa mdogo kuliko wote na alitaka kila kitu kielezwe.

"Mtoto wangu, kulia kuna Kihindi? Mtu akilia analia."

"Na mtoto alipatikana?"

"Betri ziliisha. Nitawaambia Jumapili."

Ndinda, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaweka kiondo chini. "Wee Kalunde, hebu tuambie. Unalalamika ama unatangaza biashara ya Abukar?"

Walicheka mpaka mmoja akapoteza ncha ya uzi wake. Kalunde naye alicheka, lakini neno lile lilimchoma. Kwa hiyo watu walidhani anafurahia? Kesho yake asubuhi akaenda dukani kwa Abukar, kifua mbele, akaanza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye posho mill.

"Baba Maano! Sinema yako itaniua. Nikifa, utanizika wewe, na wewe hujui nyimbo zetu."

"Mama Ndolo, pole sana," Abukar akasema. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye macho ya mtu anayehesabu mbuzi walio mbali. "Nitapunguza."

"Umepunguza mara ngapi? Ukipunguza inaongezeka! Ziba hiyo sakafu."

Mutie fundi wa mbao alikuwa pale akinunua misumari. Akasema inawezekana. Mbao za juu zing'olewe, chini yake zipigwe nyingine katikati ya boriti, halafu pale ndani pajazwe mchanga mkavu hadi juu. Mchanga humeza sauti. Kisha vipande vya tairi viwekwe juu ya boriti, mbao zirudishwe zikae juu ya mpira, na mwisho magunia na ngozi za ng'ombe zitandikwe. "Ila mchanga ni mzito," akasema. "Boriti zitanung'unika. Kama hautasaidia, bora utolewe mapema."

"Mbao na fundi ni juu yangu," Abukar akasema. "Mchanga nitautoa wapi? Lori liko safari."

Na hapo ndipo Kalunde, kwa kuwa watu walikuwa wakisikiliza, akasema, "Mchanga ni juu yangu. Zamu yangu ya mwethya ndiyo hii inakuja."

Mwethya huja kwa mwanachama kwa zamu. Siku yako ikifika, wanawake wote huja na majembe kwako, na ukishaitumia, unangoja hadi iwazunguke wengine wote. Kalunde alikuwa na kishamba chenye matuta yaliyobomoka, na kila mtu alijua zamu yake ni ya matuta.

"Mchanga?" Ndinda akauliza. "Wa kumjengea Msomali sinema?"

"Wa kuizima."

"Mvua ikibeba shamba lako usituite."

"Sitawaita."

Wakaja. Walishuka hadi mto mkavu, wakajaza magunia, wakayafunga kamba za kichwani, wakapanda nayo wakiimba. Mchanga ukaanikwa uani kwa Abukar, wakauchekecha, Mbinya akipiga chafya, wakaupandisha ngazini karai baada ya karai. Ndinda mwenyewe aliusawazisha kwa mkono kama anayetandika kitanda cha mkwe. Mutie akapigilia. Magunia aliyashona Kalunde mwenyewe kwa sindano ndefu, mshono wa kubana kabisa, kwa sababu kazi ni kazi.

Jioni ile Abukar alipanda juu. Kalunde alimaliza kula, akazima radio, akakaa na ufagio karibu.

Hakuna.

Alinyanyuka akasimama juu ya kiti, sikio karibu na dari. Alisikia kitu kama tumbo la ng'ombe aliyelala mbali, na huenda lilikuwa tumbo lake mwenyewe. Akasema kwa sauti, "Afadhali!" Neno likazunguka chumbani likarudi kwake.

Akashona kola. Cherehani ikilia ilikuwa na kelele kupita kiasi, akiinyamazisha kukawa na kimya kupita kiasi. Akashona kidogo tena. Shati jeupe lilibaki jeupe. Hakuna vumbi lililoanguka, na alijikuta akilipangusa hata hivyo.

Siku zikaenda hivyo. Alianza kuchelewa kuingia ndani jioni. Alikaa mlangoni kwenye kigoda akichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa, akamwona Abukar akipanda ngazi, na Abukar akamwinulia mkono, "Lala salama, Mama Ndolo. Sasa unapata usingizi?"

"Kama mtoto," Kalunde akajibu.

Mlango wa juu ukafungwa, na ikawa kama mtu amefunikwa blanketi. Siku moja aliuchukua ufagio akagonga dari, ajaribu tu. Koh, koh, koh. Mchanga ukameza hiyo pia. Hapo ndipo alipofahamu kwamba sauti ilikuwa imezibwa njia zote mbili, na kwamba hata akianguka akavunjika mguu, na kuita, mtu aliye karibu naye kuliko watu wote duniani hatajua. Akaurudisha ufagio pembeni, akakaa kitandani, mikono mapajani. Siku nyingine mtu hukaa hivyo mpaka chai inapoa, wala hajui alikuwa akifikiria nini.

Akina mama nao hawakumsaidia. "Kalunde, yule mtoto alipatikana?" Mbinya aliuliza.

"Alipatikana."

"Wapi?"

"Kwa... kwa shangazi yake."

"Aa." Mbinya akarudi kwenye kiondo chake. "Ni hivyo tu?"

Ilikuwa ni hivyo tu. Kalunde mwenyewe aliona aibu na hadithi ile.

Akawaza jinsi ya kuutoa mchanga. Kumwambia Abukar, "Nirudishie kelele zako," hakuweza. Angemwambia nini Ndinda? Kwamba migongo yao iliuma bure? Zamu moja ya mwethya, matuta yamebomoka, na sasa anataka mchanga urudi mtoni? Wangemwimba hadi Ikutha. Lakini kama mchanga haukufanya kazi, hilo lingekuwa jambo lingine. Mutie mwenyewe alishasema usiposaidia utolewe. Lawama ingemwendea Mutie, na Mutie alikuwa fundi, lawama alishazizoea.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi aliingia dukani kwa Abukar ameshika kiuno. Ndinda alikuwa pale, chupa ya mafuta ya taa mkononi. Kalunde hakupenda kumkuta, lakini alikuwa amekwisha kupanga maneno, na maneno yakipangwa yanataka kutoka.

"Baba Maano, mchanga haufanyi kazi."

Abukar akaacha kupima sukari. "Haufanyi?"

"Hata kidogo. Jana sikulala. Farasi! Farasi juu ya kichwa changu!"

"Mchanga wetu umepitisha farasi?" Ndinda akauliza.

"Si makosa yenu, dada. Ni Mutie. Alipigilia vibaya."

"Jana," Abukar akasema pole pole. "Farasi."

"Na bunduki. Na yule mama akalia." Kalunde akachangamka, alikuwa hajaonja utamu huu siku nyingi. "Wamemchukua mtoto, amewafuata hadi kituo cha treni, treni inaondoka, mtoto anaita dirishani, mama anakimbia, viatu vimemtoka. Na yule wa viatu vizito anacheka. Oh, alicheka! Nikasema, huyu leo Mungu atamwona."

Ndinda alikuwa amesahau chupa yake. "Halafu?"

"Halafu wakaimba."

"Na juzi?" Abukar akauliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameegemea meza kama mtu anayetaka kusikia yote.

"Juzi ilikuwa harusi. Ngoma mpaka vumbi likanimwagikia kwa chai. Nakwambia utoe huo mchanga, baba, hausaidii, unatesa boriti bure."

Abukar akatazama mizani yake. Akaipangusa kwa kidole mahali ambapo haikuwa na kitu.

"Mama Ndolo," akasema, "lori liko Tseikuru tangu Jumatatu. Dereva anangoja mbuzi. Betri zimeenda nalo."

Mbuzi mmoja alipita mlangoni, akatazama ndani, akaenda zake.

"Lakini nilikuona ukipanda," Kalunde akasema.

"Nilipanda."

"Ukakaa huko mpaka saa nne."

"Nilikaa."

"Sasa bila sinema ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nimekaa tu," Abukar akasema. "Kwenye kiti."

Ndinda alikuwa ameweka chupa yake juu ya meza, na alikuwa akimtazama Kalunde, kichwa upande mmoja, jinsi anavyotazama tuta lililojengwa kwa haraka.

"Kalunde," akasema, "kama hakukuwa na kelele, wewe ulijuaje alikaa mpaka saa nne?"

"Nilikuwa nje."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa naanika nguo."

"Saa nne," Ndinda akasema, "ya usiku."