Mpagazi wa Sehemu ya Saba

Katika ukoo wa Hilaire kulikuwa na jina moja ambalo mtoto hapewi: Birindwa. Ndilo jina la babu yake, mpagazi aliyechukuliwa mwaka 1926 na Wazungu waliokwenda Kivu kupiga filamu bubu ya vituko, sehemu kumi na mbili, iliyoonyeshwa Brussels sehemu moja kila juma. Hakurudi. Mkuu wa msafara akaandika kwamba katoroka, na mnyonge hana haki. Mkewe akaitwa mke wa mtoro, mwanawe mwana wa mtoro, na Hilaire, sasa mzee wa miaka sabini na minane, alikulia kwenye matusi kwa ajili ya mtu ambaye hata sura yake haijui. Kwao mtoro haliliwi, na jina lake halirithiwi.

Filamu nayo ikapotea, karibu miaka mia. Mwaka huu sehemu ya saba ikaokotwa kwenye dari ya nyumba moja ya Uccle, kitongoji cha Brussels, iliyokuwa inauzwa, pamoja na daftari la msafara. Aliyeletewa kuvichunguza ni Inge, mtafiti wa filamu za kale, mzaliwa wa Bukavu, binti wa walimu wa misheni. Alikwenda parokiani kwa Wakongomani wa Brussels, akasoma majina ya wapagazi baada ya misa. Kufika Birindwa, Hilaire akasimama.

Mjukuu wake Jémima alikuwa na mimba ya miezi minane, na mzee alitaka mtoto apewe jina lile kabla yeye hajafumba macho. Wazee wa ukoo kule Walungu, Kivu, walimjibu kwenye simu: karatasi ndiyo iliyotuaibisha, basi karatasi hiyohiyo itusafishe.

Siku ya maonyesho, Jumapili alasiri, Hilaire alivaa suti yake nzuri, akaja na binti yake Régine. Ukumbi ulijaa. Piano ikaanza. Mzungu mwenye kofia pana alifukuzwa na chui, watu wakacheka. Kisha likaja daraja la kamba juu ya mto uliofura, na mbele ya Mzungu mpagazi mwenye sanduku kichwani. Hilaire hakuhitaji kuambiwa. Uso ule ndio anaounyoa ndevu kila asubuhi kwenye kioo.

Furaha ikamjaa, naam, furaha tupu, kwa muda wa hatua nane hivi. Kamba ikakatika. Mzungu akaning'inia. Birindwa akaanguka na sanduku lake, maji yakamfunika, na hakuibuka. Yakatokea maandishi: je, shujaa wetu atapona? Tukutane juma lijalo. Ukumbi ukapiga makofi.

Mzee hakulia. Alimwuliza Inge sehemu ya juma lililofuata ilikuwaje. Inge akasema sehemu ya nane haijapatikana, lakini muhtasari wake umo katika gazeti la wakati ule: Mzungu anapanda ukingoni, safari inaendelea. Mpagazi hatajwi. Hilaire akaomba daftari, atazame daraja lilipigwa picha lini. Tarehe kumi na nne Juni: "Daraja. Picha nzuri sana." Mstari wa chini, tarehe ileile, mwandiko uleule: "Birindwa katoroka."

Inge alikuwa amelisoma daftari hilo miezi mitatu, na usomi wake wote, asiunganishe mistari miwili. Neno mtoro lilikuwa limemtosha. Akawa mwekundu mpaka shingoni.

Hilaire akamwomba abadilishe kijitabu cha maonyesho, kilichoandika mtoro kando ya jina la babu yake. Aandike kwamba mtu huyu alikufa kazini.

"Papa Hilaire, mimi ninakuamini," Inge akasema. "Mais bakubwa ba kazi batasema, il faut une preuve, lazima ushahidi."

Mzee akakifunga kijitabu polepole, akamrudishia.

"Preuve gani ingine, maman Inge? Si mulitoka tu kuipigia makofi."

Inge aliandika barua mbili kwa wakubwa zake. Jibu lilikuwa kwamba suala linachunguzwa. Kule Walungu wazee waliuliza karatasi iko wapi, na Hilaire hakuwa nayo.

Mtoto wa Jémima alizaliwa wiki tatu baada ya maonyesho, wa kiume, na paji lilelile la Birindwa. Wakamwita Florent.