Kilele cha Kanali

Kanali alichomeka pini kwenye kilele cha mlima katika ramani ya ukutani, akarudi nyuma hatua mbili kuifurahia. Mchoraji wa makao makuu, waliyemzoea kwa jina la Bi Ramani, alihisi damu inamchemka. Miaka kumi na tisa anachora milima, na huyu bwana hata ngazi za ofisi hapandi bila kutweta.

"Mahandaki yachimbwe hapa juu kabisa," kanali alisema. "Aliye juu anaona kila kitu."

"Haoni, afande. Tazama mistari ya mwinuko inavyobanana hapa katikati. Mlima umetoa tumbo. Ukikaa kileleni unaona bonde la mbali tu, mteremko ulio chini yako huuoni. Adui atapanda mpaka akushike mguu. Waweke askari hapa begani mwa mlima."

"Mama, wewe chora. Vita niachie mimi."

Maofisa wawili wakacheka. Wacheke tu! Wao hawakuwa na mtu huko. Platuni iliyopangiwa mlima ule ilikuwa na mdogo wa mwisho wa Bi Ramani, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki.

Alirudi mezani na hasira zake zote. Amri ilikuwa ya mstari mmoja: chimbeni kama mchoro unavyoonyesha. Na mchoro ni kazi yake. Akachonga penseli, akaweka mahandaki begani, hatua mia mbili chini ya kilele. Kanali, kama kawaida yake, alitia saini bila kuangalia.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, simu ya mlimani ililia. Adui alijaribu kupanda, akaonekana tangu chini kabisa, akatimuliwa. Majeruhi wawili, hakuna aliyekufa.

"Kilele changu!" kanali akapiga meza. "Na mama wa watu alitaka kunifundisha kazi!" Papo hapo akachomeka pini mbili kwenye vilele vingine viwili.

Bi Ramani angeweza kunyamaza. Mdogo wake alikuwa mzima, yamekwisha. Lakini huko nako kulikuwa na wadogo wa watu. Akamwekea kanali nakala ya mchoro mbele yake.

"Hawakuwa kileleni, afande. Na saini hiyo ni yako."

Kanali aliutazama mchoro mpaka jasho likamtoka. "Nitakufunga," alisema kwa sauti ya chini. "Nani mwingine anajua?"

"Askari thelathini na wawili waliochimba. Nifunge, lakini pini hizo zishushe kwanza."

Kanali aliendelea kuikodolea saini yake. Bi Ramani akaenda ukutani akazing'oa mwenyewe, akazishusha begani.