Nzi Aliyefuliwa

Usijifanye mgeni. Uliuona mto ukibadilika rangi. Uliziba pua, ukapandisha kioo cha gari, ukaendelea na shughuli zako. Basi sikiliza habari za dobi, maana yeye naye aliuona, na yeye naye akanyamaza.

Dobi huyo ni mwanamke wa makamo, mwenye kibanda cha kufulia nyuma ya soko na mikono iliyochunika kwa sabuni. Alilelewa na mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba Nzi. Si kwa uchafu. Mzee alikuwa akizungushia ndoana ndogo uzi na manyoya ya kuku mpaka ifanane na mdudu, kisha anamrusha huyo mdudu wa uongo juu ya maji ili samaki aingie mkenge. Miaka nenda miaka rudi alimwambia mpwa wake, "Njoo nikufundishe kabla sijachoka." Na mpwa alijibu, "Nikimaliza rundo hili, mjomba." Tangu lini rundo la dobi likaisha? Mzee akachoka.

Hatimaye dobi alikubali. Mjomba akampa kikopo cha nzi wake wa manyoya akalale nacho, awazoee. Asubuhi yake walisimama mtoni, maji magotini. Dobi akarusha. Nzi akazama kama msumari. Akarusha mwingine, naye akazama.

"Hebu nimwone huyo," mjomba akasema. Akamshika, akamnusa. "Mbona ananukia maua?"

"Nimewafua, mjomba. Walikuwa na mafuta mafuta."

"Umemfua nzi?"

"Alikuwa mchafu!"

"We mtoto! Nzi msafi umemwona wapi? Mafuta yale nimempaka mimi, ndiyo yanayomfanya aelee!"

Mzee alicheka mpaka ikabidi aegemee jiwe. Akawapaka upya, akamwonyesha kurusha: mshipi upeleke nyuma, usubiri unyooke, ndipo uulete mbele. Lakini mkono wa dobi umezoea kupiga mashuka kwenye jiwe. Kila alipourusha mshipi, pwaa!

"Acha kuufua mto, mama. Taratibu. Mdudu anatua, hapigwi chini."

Kisha mzee akageuza jiwe kumwonyesha vijidudu waliong'ang'ania chini yake. Hao ndio wanaopanda juu, wanaota mabawa, samaki wanawafuata. Wasipokuwepo wa kweli, wa manyoya atamdanganya nani? Siku hiyo samaki mmoja alipanda, akamtazama nzi wa dobi, akageuka zake. "Amekusalimia tu," mjomba akasema. "Utamvua. Nataka nimwone kwa macho yangu haya."

Hilo tu ndilo alilolitaka.

Haukupita muda, kiwanda cha ngozi kilichoko upande wa juu wa mto kikaanza kumletea dobi ovaroli za wafanyakazi. Mafurushi makubwa, kazi ya uhakika. Alipoziloweka, maji yaligeuka buluu chafu, mikono ikamuwasha hadi kwenye viwiko. Alijua kilichokuwa kinamwagwa mtoni kule. Alijua na bomba lilikotokea, nyuma ya kiwanda, kwani alipeleka nguo kwa mlango huo huo. Akanunua glavu.

Mtoni, mjomba alianza kukaza macho. "Mpwa wangu, unawaona wadudu juu ya maji?"

"Sioni vizuri, mjomba. Jua linanipiga usoni."

"Mimi siwaoni kabisa." Akajifuta macho, akatazama tena. "Hujasikia lolote huko sokoni kuhusu maji haya?"

"Sijasikia."

"Basi ni macho. Uzee huu."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno moja tu. Dobi akakunja mshipi.

Mzee hakurudi tena mtoni. Akaacha kufunga nzi, akaacha kusoma, akaacha hata kuvuka barabara bila kushikwa mkono. Alikaa kitandani kama kipofu, mtu anayeona sisimizi ukutani! Na dobi alimletea chai, akamshika mkono kumpeleka uani, akijua. Hata samaki walipoelea matumbo juu, alimfungia dirisha, akamwambia ni harufu ya jalala.

Jana alishindwa kuendelea. Akapiga magoti kando ya kitanda, akayamwaga yote.

"Kumbe naona," mjomba akasema.

"Unaona, mjomba. Twende mtoni."

"Kuona nini?" Akageukia ukutani.

Leo dobi amelirudisha furushi la ovaroli kiwandani vilevile lilivyokuja. Mlinzi akalifungua, akashangaa.

"Mama, mbona hizi bado chafu?"

"Waambie wakubwa zako wakazifue wenyewe, kwa maji ya lile bomba lao la nyuma. Na mimi siondoki hapa mpaka lizibwe."

Amelikalia furushi mbele ya geti, peke yake. Wafanyakazi wanamkwepa kama shimo la barabarani. Mlinzi ameshapiga simu, na wewe unajua ni akina nani wanaokuja kumwondoa mwanamke aliye peke yake. Watu mia hawaondolewi hivyo. Geti unalijua. Vaa viatu, gonga na kwa jirani yako, mwende mkakae naye. Sasa hivi.